Vipuri vipya vya baiskeli kwa sisi wa nyanda za juu: breki na tairi kwanza, urembo baadae (uzi mrefu)

Mteremko_Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna kitu kinaniuma muda mrefu nimeona leo nikiandike chote. Mtu ananunua baiskeli, iwe mtumba wa Japani au mpya ya dukani, kitu cha kwanza anachokimbilia ni taa za rangi rangi za kwenye spoku, kengele ya mziki, kava la siti lenye manyoya, alafu anashuka nayo barabara ya Chunya kuja mjini Mbeya na raba za breki zilezile zilizokuja na baiskeli, zimekauka zimekua ngumu kama kwato. Huku kwetu sio tambarare, kila safari ina mlima na mlima ukiisha kuna mteremko, na mteremko ndio unaotuua. Kwaiyo kama una hela ya kipuri kimoja tu, nunua breki. Ukipata ingine nunua tairi. Hivyo vingine vyote vinasubiri na wala havigombi.

Mi naendesha Uyole mjini karibu kila siku na nikipata nafasi napanda Isyonje nashuka Kiwira mpaka Tukuyu. Juzi kati nimebadilisha raba za breki, tairi ya nyuma, friwili (yale meno ya nyuma yanayovutwa na cheni) na keria, nimevijaribu kwenye njia hizo hizo na mvua imeninyeshea vya kutosha (wanaoijua Tukuyu wanaelewa, uko mvua haiombi ruhusa), ndo maana naongea.

Tuanze na breki. Kabla hujanunua raba angalia rimu yako ni ya nini. Chukua sumaku, ata ile ya kwenye spika mbovu, igusishe kwenye rimu. Ikinata ni chuma, isiponata ni alumini. Hii ni muhimu kuliko jina la kampuni kwenye pakiti, maana rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa maji raba ya kawaida inateleza tu, unabana mpaka vidole vinauma na baiskeli inaendelea kwenda, mpaka rimu ijifute yenyewe ndo inaanza kushika, na kwa mteremko wa kuja Kiwira hapo ushaingia kwenye kona ya watu. Rimu ya alumini inashika vizuri zaidi ikiwa imelowa. Kama una rimu za chuma na unakaa sehemu ya mvua na milima, pesa ya kubadilisha rimu ya mbele peke yake iwe alumini ni pesa iliyoenda mahali pake, maana breki ya mbele ndo inayosimamisha kweli, ukibana breki uzito wote unahamia mbele na tairi ya nyuma inabaki nyepesi inaburuzika. Najua wengi tumefundishwa toka utotoni tusiguse ya mbele tutapinduka. Ubane ghafla kwa nguvu zote ndio utapinduka, ila ukibana taratibu ukiongeza huku umerudisha makalio nyuma na mikono umeikaza, hakuna breki nyingine itakayokusimamisha kama hiyo.

Raba mpya nilizofunga ni zile ndefu za breki ya V (ya mikono miwili inayobana rimu pande zote mbili), zinazofungwa kwa nati yenye washa za duara zinazokubali kuchezeshwa pembe. Namna ya kufunga: raba iguse rimu tu, isipande kwenye tairi (itakata tairi ubavuni) na isishuke chini ya rimu (itaingia kwenye spoku). Alafu ncha ya mbele ya raba iguse rimu kabla ya ncha ya nyuma, kama milimita moja. Mi naweka kipande cha vocha ya simu nyuma ya raba, nabana breki, nakaza nati, natoa vocha. Ukifanya hivyo ule mlio wa kupasua masikio unapotea.

Na baada ya mvua, hii watu wengi hawafanyi, toa tairi uangalie uso wa raba. Utakuta vichembe vidogo vinang'aa vimejichimbia ndani, hivyo ni vipande vya rimu yako mwenyewe vilivyokwanguliwa na mchanga. Vichokoe kwa sindano, piga msasa kidogo, rudisha. Ukiviacha vinaendelea kula rimu kila ukibana, na rimu ya alumini ikiliwa sana ubavuni inakua nyembamba mpaka siku moja inapasuka ukiwa barabarani.

Waya wa breki nao. Ukibadilisha raba ukaacha waya wenye kutu umefanya nusu kazi. Waya mpya na ganda lake jipya ndo utasikia breki inakua laini mkononi. Nunua vyote pamoja, bei yake ni ndogo ukilinganisha na raha yake.

Bei kwa ujumla sitaji maana kila mzigo ukishuka inabadilika, na Mwanjelwa duka hili na lile wanapishana. Zunguka uulize.

Tairi na friwili naendelea chini, kwanza niwasikie.

Mama_Viazi_Njombe

Asante kaka kwa uzi. Mi sio mwendeshaji sana ila kijana wangu anaenda nayo shule, ni hizi za Japani zenye kikapu mbele. Nimenunua tairi mpya imeandikwa 26 kama ile ya zamani, fundi kahangaika nayo asubuhi nzima haiingii, mara inapwaya mara inaruka, mwishoe kaniambia tairi ni mbovu. Duka limekataa kurudisha. Sasa tatizo ni tairi au ni fundi?

Mteremko_Uyole

Pole dada, tairi sio mbovu na fundi wako nae namwelewa. Umefika penyewe kabisa nilipokua naenda.

Hiyo 26 ni jina tu. Kuna 26 za aina zaidi ya moja na haziingiliani hata kidogo. Geuza tairi ya zamani ubavuni utafute namba ndogo zenye mstari katikati, mfano 37-590. Hiyo ya pili, 590, ni kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa kwenye rimu, na hiyo ndo namba ya kuaminika. Baiskeli nyingi za Japani zenye kikapu ni 26 x 1 3/8, hiyo ni 590. Baiskeli za mlimani za 26, zile za 26 x 1.95 au 2.1, ni 559. Tofauti ni milimita 31, yani karibu sentimita tatu nzima, hakuna fundi wa kuzilazimisha hizo zikaingiana. Nahisi umeuziwa 559 maana ndo zimejaa madukani.

Na za Japani za 27 nazo zina yake, 27 x 1 3/8 ni 630. Kwaiyo usiende dukani na jina la 26 au 27, nenda na hizo namba mbili umeandika kwenye karatasi, na usilipe mpaka umeziona kwa macho yako kwenye tairi unayopewa. Sio kwenye boksi, kwenye tairi.

Namba ya kwanza, hiyo 37, ni upana. Hapo una uhuru kidogo, kama madgadi na fok vina nafasi unaweza kupanda mpaka 40. Hiyo ya pili usicheze nayo.

Mbarali_Yetu

Mkuu umeongea ukweli ila umesahau watu wa tambarare. Huku Ubaruku na Chimala baiskeli ni kazi, ni Phoenix ya 28 mpunga nyuma, gunia na mtu juu yake wakati mwingine. Hayo magia yenu ya milimani huku ni mzigo tu, vumbi na matope ya mashambani yanaingia kwenye kihamisha gia ndani ya wiki kinakatika. Gia moja, cheni nene, biashara imeisha.

Kwa upande wa tairi za 28 nathibitisha aliyosema. Ile yetu ni 28 x 1 1/2, ukiangalia namba ni 635. Kuna hizi nyingine za baiskeli za mitumba toka Ulaya nazo wanaziita 28, zimeandikwa 700C pia, namba yake 622. Zinatofautiana milimita 13 tu kwaiyo kwa macho huwezi kujua, unakuja kujua ukiwa umeinama na vijiko viwili vya kutolea tairi unalia.

Mteremko_Uyole

Kaka nakubaliana na wewe asilimia mia, kwa Usangu huko kwenu gia moja inatosha na inadumu. Na mzigo wa gunia unahitaji ile cheni pana ya inchi 1/8. Wa gia nyingi wanatumia 3/32 ambayo ni nyembamba, na wakati wa kununua hapo ndo watu wanapigwa: ya 3/32 haiingii vizuri kwenye meno mapana ya Phoenix, inapanda juu ya meno inakwama.

Ila kwa mtu wa Tukuyu anaebeba ndizi kupeleka juu, au wa Iringa anaetoka Ipogolo mtoni kupanda mjini, gia moja ni kushuka na kusukuma. Nitalieleza hilo vizuri kwenye friwili.

fundi_ipogolo

Kamwene wadau. Mi ni fundi, niko Iringa, naomba niongezee kwenye friwili na cheni maana ndo mkate wangu wa kila siku.

Mteja anakuja anasema cheni inaruka, nimeleta cheni mpya nifungie. Nikifunga inaruka zaidi ya mwanzo, anasema nimemharibia. Ukweli ni kwamba cheni ya zamani ikirefuka inakula meno ya friwili yafanane nayo, yanakua yamechongoka kwa upande mmoja kama meno ya msumeno, sasa cheni mpya ambayo haijarefuka haikai humo. Kwaiyo pima cheni mapema kabla haijala friwili. Huhitaji kifaa cha gharama, rula ya shule ya inchi inatosha. Cheni zote hizi za kawaida pini moja hadi ingine ni nusu inchi, kwaiyo pini 24 zinazofuata zinatakiwa ziwe inchi 12 kamili. Weka sifuri katikati ya pini, angalia upande wa pili. Pini ikizidi inchi 12 kwa 1/16 badilisha cheni peke yake, friwili inapona. Ikizidi kwa 1/8 ujue unanunua na friwili na huenda na sproketi ya mbele (lile duara la meno pale kwenye pedali).

Alafu naomba wateja msikubali friwili itolewe kwa patasi na nyundo. Kuna kifaa chake, kinaingia kwenye meno ya ndani, unakibana na spana kubwa, inafunguka bila kelele. Ukiona fundi anachukua patasi mwambie asante, beba baiskeli yako. Na friwili mpya ikifungwa lazima grisi ipakwe kwenye nyuzi za haba (kitovu cha tairi), la sivyo milima yenu itaikaza mpaka siku ya kuitoa spoku zinakatika.

Mteremko_Uyole

Fundi ubarikiwe, hiyo ya rula naanza leo.

Sasa friwili yangu. Nilikua na ya meno 14 mpaka 28, nimeweka ya gia saba ya Shimano ya 14 mpaka 34, lile duara la meno la mwisho ni kubwa kama sahani ya chai. Mbele sproketi yangu ndogo ina meno 28. Hesabu yake rahisi: 28 mbele kwa 28 nyuma ni mzunguko mmoja wa pedali mzunguko mmoja wa tairi, kwa tairi yangu ya 26 hiyo ni kama mita 2.05. Kwa 28 na 34 mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 1.7. Inaonekana kidogo ukisoma, ila pale juu ya Igawilo kuelekea Isyonje, ambapo zamani nilikua nasimama kwenye pedali magoti yanalia, sasa nakaa kwenye siti nazungusha polepole pumzi iko sawa na keria ina mzigo. Naenda taratibu kweli, watoto wa shule wanaotembea kwa haraka wananikaribia, ila nafika juu nikiwa mtu.

Tahadhari moja kabla hujanunua: kile kihamisha gia cha nyuma kikiwa na mkono mfupi hakiwezi kufikia lile duara la meno 34, kinagusana nalo na mlio unausikia. Lazima kiwe cha mkono mrefu. Na cheni ya zamani itakua fupi, ongeza pingili au nunua mpya. Jaribu ukiwa umeinua tairi la nyuma, weka kubwa mbele na kubwa nyuma, kama cheni inavutika mpaka kile kimkono kimenyooka kabisa kuelekea mbele, hiyo ni fupi na barabarani itavunja kitu.

chuo_Mkwawa

Kaka naomba msaada wa breki za disk (zile pedi zinabana sahani ya chuma katikati ya tairi, sio rimu). Nimenunua baiskeli mpya yenye disk za waya mbele na nyuma, nilijua nimepona, ila nikishuka toka Gangilonga inapiga kelele mtaa mzima unageuka na haisimami kama nilivyotarajia. Nimepaka oil kidogo ya cheni ili kelele iishe imekua mbaya zaidi.

fundi_ipogolo

Mdogo wangu oil kwenye disk usipake tena kamwe. Hiyo pedi imeshakunywa mafuta, ata uisafishe vipi haitarudi sawasawa. Nunua pedi mpya, disk yenyewe ifute kwa spiriti na kitambaa kisafi, na kuanzia leo usiiguse kwa vidole maana hata jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuleta shida.

Mteremko_Uyole

Na kabla hujanunua hizo pedi soma maandishi madogo kwenye disk yako. Za bei nafuu nyingi zimegongwa chapa kwamba zinataka pedi za resini tu. Ukiona hivyo usiweke za metali, zitaikwangua disk. Resini inashika haraka na haina makelele mengi ila matope na mvua vinaimaliza upesi. Za metali zinavumilia joto la mteremko mrefu na zinadumu kwenye mvua, ila zina kelele na zinataka disk ya kuziweza.

Alafu pedi mpya haishiki siku ya kwanza, lazima uilainishe. Tafuta barabara iliyotulia, kimbia kiasi, bana taratibu mpaka karibu usimame lakini usisimame kabisa, achia, kimbia tena, rudia rudia hivyo mbele na nyuma, utasikia yenyewe mkononi inavyozidi kushika. Usiipeleke mteremko mkubwa kabla ya hapo. Na disk za waya, pedi ikiisha huwa inabidi uisogeze kwa bisibisi au kile kiduara cha ubavuni, haijisogezi yenyewe kama zile breki za disk zinazosukumwa na mafuta badala ya waya.

Kitu kingine kwa wote, disk au raba: mteremko mrefu usishikilie breki moja muda wote. Bana kwa nguvu punguza mwendo, achia ipoe kidogo, bana tena, badilishana mbele na nyuma. Toka Tukuyu kwenda Kyela unashuka karibu mita elfu moja mpaka ufike usawa wa ziwa, ukiburuza breki njia nzima rimu inapata moto hata viraka vya tyubu vinaachia gundi. Nimeshuhudia tyubu ikipasuka hivyo kwa jamaa aliyekua mbele yangu, tulipoigusa rimu haishikiki.

Mama_Viazi_Njombe

Nimeangalia tairi la zamani, kweli 37-590 na ile mpya 54-559! Fundi nimemuonyesha ameandika ukutani. Ndaga fijo kama wanavyosema wenyeji wenu wa huko.

Naomba kuuliza pia taa, asubuhi Njombe ukungu humuoni mtu hatua chache mbele na huyu mtoto anatoka mapema.

Mteremko_Uyole

Dada, taa ya nyuma nyekundu ndo ianze, maana gari linamkuta kwa nyuma. Iwe ya kuwaka mfululizo au kumweka taratibu, na juu yake akae na riflekta nyekundu ambayo haitaki chaji. Ya mbele kwenye ukungu usiielekeze juu, mwanga unarudi machoni mwake mwenyewe, ielekee chini barabarani. Za kuchaji kwa waya wa simu ni nzuri ila maandishi ya kwenye boksi yasikudanganye, siku ya kwanza iwashe usiku kwenye meza uone inazima baada ya muda gani, ndo utajua uwezo wake.

Na kofia dada, tafadhali. Angalia kwa ndani iwe na lebo ya EN 1078, hicho ndo kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli. Ya mtumba siishauri kwa mtoto, povu la ndani likishapata kishindo kimoja kikubwa kazi yake imeisha hata kama kwa nje inang'aa.

Mbarali_Yetu

Keria umesema umebadilisha mbona hujaeleza, sisi wa magunia ndo tunaisubiri hiyo.

Mteremko_Uyole

Kweli mkuu. Niliyofunga ni ya chuma, miguu inashuka mpaka kwenye ekseli ya tairi la nyuma, sio zile zinazobana kwenye bomba la siti pekee. Zile za kubana bomba la siti mzigo ukizidi zinazunguka, au zinashuka zinakaa juu ya tairi. Baada ya safari za mwanzo zenye mzigo kaza tena bolti zote, huwa zinalegea mwanzoni, na weka nati zenye plastiki ndani hazifunguki kwa mitetemo. Mzigo ukae chini na mbele kadri inavyowezekana, ukiurundika nyuma ya ekseli usukani unakua mwepesi unayumba kwenye mteremko.

Na spoku za nyuma upande wa cheni zigonge kwa kidole moja moja usikilize, ikitoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Zile ndo zinazokatika kwanza kwenye mzigo.

chuo_Mkwawa

Nimepata pedi mpya za resini, nalainisha leo jioni kule uwanjani kwanza. La mwisho, pedali yangu ya kushoto nafungua haifunguki kabisa nimeongezea na bomba kwenye spana bado.

fundi_ipogolo

Achia hapo hapo utaua kranki (mkono wa pedali)! Ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, unaifungua kwa kuzungusha kuelekea upande wa saa, na kuifunga ni kinyume chake. Ya kulia ni kama kawaida. Angalia ncha ya ekseli ya pedali mpya, kuna L ya kushoto na R ya kulia. Tia mafuta kidogo kwenye nyuzi uache usiku kucha, asubuhi tumia spana namba 15, na wakati wa kufunga mpya anza kwa vidole tu mpaka iingie mizunguko kadhaa ndo ushike spana.